Kwa Nini Mchezaji wa Chuo Afungiwe kwa Mkeka Wake Mwenyewe?

Vuli ya 2023, Jumamosi ya mechi hapa Iowa City, Marekani, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kinyozi wangu, mzee wa Bukavu ambaye huacha mashine ikinguruma hewani kila timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani inapokaribia kufunga. Nusu ya kichwa changu ilikuwa imenyolewa, nusu bado. Mtangazaji kwenye runinga akakumbusha kwamba mlinzi mmoja wa safu ya mbele hayupo kwa sababu amefungiwa msimu mzima. Kosa lake ni kwamba aliweka dau kwenye mechi ya timu ya kikapu ya wanawake ya chuo chake.

"Aliuza mechi?" mzee akaniuliza. Nikamwambia hapana.

"Alikuwa anacheza na hao wasichana?" Hapana.

"Pesa ya wizi?" Hapana, ya mfukoni mwake.

"Sasa, mdogo wangu, huyu mtoto amekosa nini?"

Duka zima likaingia. Mmoja akasema sheria ni sheria, angesoma alichosaini. Mwingine akasema kijana ni mgonjwa wa kamari, apelekwe kwa daktari badala ya kuaibishwa. Wa tatu, kijana wa miaka ishirini na ushee, hakuinua hata kichwa. Alikuwa na simu mkononi, anabeti mechi ile ile tuliyokuwa tunaitazama.

Ubishi ule nimeusikia tena mara nyingi tangu siku hiyo, na haufiki popote, kwa sababu wanaobishana hawazungumzii jambo moja. Mmoja anazungumzia sifa ya kucheza, yaani nani anaruhusiwa kuingia uwanjani, mwingine anazungumzia uraibu, na kila mmoja anamwona mwenzake hana akili. Ngoja tuchambue taratibu, tuanze na lililo rahisi.

Msomaji aliyezoea UMISETA, ile michezo ya shule za sekondari Tanzania, asifikirie viwanja vya vumbi na timu kulala madarasani. Michezo ya vyuo vikuu Marekani ni biashara nzito. Kinnick, uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa hapa Iowa City, unaingiza watu karibu 70,000, yaani unaupita Uwanja wa Mkapa. Msimamizi mkuu wa michezo hiyo anaitwa NCAA, chama kilichozaliwa mwaka 1906, makao yake yako Indianapolis, na kina vyuo wanachama takriban 1,100 na wanamichezo zaidi ya 500,000. Kwa miaka mingi kilishikilia kwamba wachezaji hawa ni wanafunzi tu na hawapaswi kulipwa. Ukuta huo umebomoka: tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kuuza majina na sura zao kwa matangazo, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja.

Sifa ya kucheza ni ile ruhusa ya kuvaa jezi. Haitoki kwa kocha, inatokana na masharti: uwe na alama za kutosha, uwe mwanafunzi wa muda wote, usiwe umevunja kanuni fulani, na muda wako uwe haujaisha. Hilo la muda ndilo linalowachanganya watu, ingawa ukiwahi kununua bando la intaneti utalielewa mara moja. Daraja la juu la NCAA linampa mchezaji misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano. Ni kama bando la GB nne lenye siku tano. Utumie usitumie, umeumia goti au umelala, siku zinahesabika. Wapo wanaoongezewa kwa maombi maalumu, na janga la korona liliwapa mwaka wa ziada wote waliocheza msimu wa 2020/21. Wapo pia wanaokwenda mahakamani. Mwishoni mwa 2024 Diego Pavia, mchezaji wa futiboli wa chuo cha Vanderbilt, alidai kwamba miaka aliyochezea chuo cha miaka miwili isihesabiwe, na jaji wa Tennessee akaagiza aruhusiwe kucheza 2025. Ndiyo maana siku hizi unaona wachezaji wa chuo wenye ndevu zilizokomaa.

Tayari hapo utaona ukubwa wa adhabu ya yule mlinzi. Huo ulikuwa mwaka wake wa sita chuoni, wa mwisho kabisa. Anayefungiwa msimu akiwa na bando lililobaki anapoteza kipande. Yeye alipoteza kile kidogo kilichokuwa kimesalia. Rufaa haikumsaidia, hakucheza hata mechi moja.

Kanuni ya beti inasemaje? Kwa ufupi, mwanamichezo, kocha na wafanyakazi wa idara ya michezo hawaruhusiwi kubeti mchezo wowote ambao NCAA ina mashindano yake, uwe unachezwa na vyuo au na watu wa kulipwa. Soka imo. Hapa naomba wazazi na wajomba wenye vijana waliokuja huku kwa ufadhili wa riadha au soka wasome mara mbili: kijana wa Eldoret anayekimbia mbio kwa jezi ya chuo cha Marekani, akiweka mkeka wenye Arsenal na Gor Mahia, amevunja kanuni, hata kama mkeka ni wa shilingi hamsini na aliuweka kwa simu ya nyumbani akiwa likizo. Kanuni haijali dau ni dogo kiasi gani wala mechi ilichezwa nchi gani. Hata mchezo wa ofisini wa kuchangishana dola kumi kumi na kubashiri mashindano ya kikapu ya mwezi Machi, ambao mamilioni ya Wamarekani hucheza, wao hawaruhusiwi. Mwaka 2003 kocha wa futiboli wa University of Washington, Rick Neuheisel, alifukuzwa kazi baada ya kubainika kwamba aliingia mchango wa namna hiyo na majirani zake. Aliwashtaki, wakamlipa mamilioni, lakini kazi haikurudi.

Anayemtoa mchezaji kwanza ni chuo chenyewe. Kikigundua kosa, kinamwondoa kwenye orodha, halafu kinaiandikia NCAA kuomba arejeshwe. NCAA hupima kwa ngazi. Mwongozo uliotoka Juni 2023 uliweka hivi: ukibeti mechi zako mwenyewe, au ukijaribu kuharibu matokeo, au ukimpa mchezaji kamari habari za ndani, unakaribia kupoteza sifa moja kwa moja. Ukibeti timu nyingine ya chuo chako, unafungiwa msimu mzima. Ukibeti mechi zisizohusu chuo chako, wanatazama jumla ya pesa. Dola 200 kushuka chini, unapewa somo tu. Kadiri zinavyopanda ndivyo mechi unazokosa zinavyoongezeka, na zikizidi dola 800 unaweza kukosa asilimia 30 ya msimu. Miezi michache baadaye walilegeza kidogo hiyo ngazi ya katikati, lakini umbo la ngazi lilibaki.

Kinyozi wangu alinisikiliza mpaka hapo, akarudia swali lake: lakini kwa nini? Pesa yake!

Hebu tulilete nyumbani. Simba inacheza na timu iliyopanda daraja juzi. Kila mtu anajua Simba itashinda, kwa hiyo kampuni ya beti haitaki swali la nani atashinda. Inauliza: Simba itashinda kwa zaidi ya mabao mawili? Hiyo ndiyo handikapu, na kwenye kikapu na futiboli ya Kimarekani ndiyo beti yenyewe hasa. Sasa fikiria Simba inaongoza tatu bila, dakika ya 88, beki anachelewa kidogo kurudi, wapinzani wanapata la kufutia machozi. Tatu moja. Simba imeshinda, mashabiki wanaimba, kocha hana neno. Kumbe tofauti imebaki mabao mawili, na kuna mtu ameondoka na milioni. Beki hakuiuza mechi kwa maana tunayoijua. Alipunguza tu. Wamarekani walilionja hili zamani: CCNY, chuo cha jiji la New York, kilitwaa mataji yote mawili makubwa ya kikapu mwaka 1950, na mwaka uliofuata wachezaji wake wakakamatwa kwa kupunguza pointi.

Siku hizi si lazima hata kugusa matokeo. Kuna beti za mchezaji mmoja mmoja: fulani atafunga pointi ngapi, atadaka mipira mingapi. Mchezaji anaweza kusema tumbo linamuuma akatoka mapema, basi. Na kuna habari za ndani. Mchezaji wa futiboli anakula bwalo moja na wasichana wa kikapu, anajua nani alichechemea mazoezini Jumanne. Tuseme hakutumia habari hiyo, aliweka dau kwa mapenzi tu. Mtu wa nje atajuaje? Kanuni haikuandikwa kwa ajili ya moyo wa yule kijana. Iliandikwa ili mimi na wewe tukitazama mpira uliodondoshwa tuamini umedondoka.

Hapa ndipo hoja ya "alibeti timu yake ishinde, kosa liko wapi" inapovunjika. Mchezaji anayeiwekea timu yake dau kila wiki, halafu wiki moja hakuweka, tayari amewaambia kitu wanaomfuatilia. Na akiliwa, deni haliulizi alibeti upande gani.

Deni. Neno hilo ndilo daraja la kutupeleka upande wa pili, na upande huo nitakaa zaidi kwa sababu ndiko tunakosema ovyo.

Watu wakisikia mraibu wa kamari wanapata picha ya mtu aliyeuza nyumba. Madaktari hawapimi hivyo. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani walipotoa toleo jipya la kitabu chao cha kuainisha magonjwa, waliuhamisha uraibu wa kamari wakauweka pamoja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Walitaja dalili tisa, na anayekuwa nazo nne au zaidi ndani ya mwaka mmoja anahesabika mgonjwa. Lazima aongeze dau ili asikie raha ile ile. Akijaribu kuacha anakuwa na hasira na hatulii. Ameshajaribu kupunguza akashindwa. Kichwa kinawaza mkeka muda wote. Anabeti akiwa na huzuni au msongo. Akiliwa anarudi kesho kukomboa. Anadanganya. Amehatarisha kazi, masomo au uhusiano. Anategemea wengine wamtoe kwenye shimo la pesa.

Isome tena orodha hiyo uone kisichokuwemo. Hakuna mahali panapotaja dola 200 wala dola 800. Hakuna panapouliza ulibeti timu ya nani.

Kwa maoni yangu, fundo lote la ubishi ule liko hapo. Kamati ya NCAA inauliza: ulibeti nini, na kiasi gani? Daktari anauliza: unaweza kuacha? Ni maswali mawili, na majibu yake hayalingani. Kijana anayeweka dola kumi mara tatu kwenye timu yake kwa ushabiki, halafu asiwaze tena, si mgonjwa hata kidogo, na anaweza asicheze tena maisha yake. Mwenzake anayekesha kwenye kasino ya simu akicheza karata mpaka ada imekwisha hajavunja kanuni yoyote ya NCAA ya kubeti, maana karata si mchezo wenye mashindano ya NCAA. Jumamosi atavaa jezi kama kawaida. Yule mlinzi wetu wa Iowa, kwa taarifa yako, "mraibu" ni jina tulilompa sisi pale dukani. Mtu kufungiwa si cheti cha ugonjwa.

Kwa nini ubongo unanasa? Kila aliyewahi kuchaniwa mkeka na timu moja anajua nusu ya jibu. Umeweka timu kumi, tisa zimeitika, ya kumi imesawazishiwa dakika za majeruhi. Hesabu inasema umekosa, sawa na aliyekosa zote. Mwili hausemi hivyo. Unasema ulikuwa karibu, jaribu tena. Zawadi isiyojulikana itakuja lini huushika ubongo kuliko ya uhakika, na kinachoamsha msisimko zaidi ni kule kungoja. Sasa fupisha kungoja kutoka dakika tisini hadi sekunde ishirini. Futiboli ya Kimarekani inakwenda kwa vipande vifupi, na simu inakuruhusu kubeti kipande kinachofuata. Yule kijana wa dukani, nilimtazama kupitia kioo: mpira unaanza, kidole kinabonyeza, mpira unasimama, anameza mate, kidole kinabonyeza tena. Kabla sijamalizwa kunyolewa alikuwa ameshaweka madau ambayo baba yangu, aliyejaza fomu za bahati nasibu mara moja kwa wiki, angehitaji miaka kuyafikia.

Mlango huo ulifunguliwa Mei 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta sheria ya 1992 iliyozuia majimbo mengi kuhalalisha beti za michezo. Iowa ilihalalisha mwaka 2019, beti zikaanza Agosti, kwa waliotimiza miaka 21. Sasa ni majimbo zaidi ya 35. Mwanafunzi wa miaka 19 mwenye simu afanye nini? Wengi walitumia akaunti ya mama, ya kaka, ya mchumba. Mei 2023 University of Iowa na jirani yao Iowa State vilitangaza kwamba wanamichezo wao wapatao 40 walikuwa wakichunguzwa. Baadhi walishtakiwa kwa kughushi kumbukumbu, maana walicheza kwa jina lisilo lao. Machi 2024 waendesha mashtaka waliwafutia kesi kadhaa, baada ya mawakili kulalamika kwamba wapelelezi walichungulia simu zilizofungua beti ndani ya majengo ya wanamichezo bila hati ya mahakama. Kesi ikafa. Misimu iliyopotea haikurudi.

Uraibu na sifa ya kucheza hukutana pale deni linapomtafuta mchezaji. Jontay Porter alipitia University of Missouri kabla ya kufika Toronto Raptors ya NBA, ligi ya kikapu ya kulipwa. Machi 20, 2024 aliingia uwanjani, akacheza dakika tatu, akatoka akisema anaumwa. Kuna mtu alikuwa ameweka dola 80,000 kwamba takwimu zake zitakuwa ndogo, apate zaidi ya milioni moja. Kampuni ya beti ilishtuka, ikazuia malipo. NBA ilimfungia maisha Aprili mwaka huo, na Julai alikiri kosa mahakamani Brooklyn: alikubali kutoka mapema ili afute madeni yake ya kamari. Wakili wake alisema alikuwa na uraibu. Sasa mpime kwa maswali yote mawili. Alikuwa mgonjwa? Kwa maelezo ya wakili wake, ndiyo. Alistahili kuendelea kucheza? Hapana. Wala jibu moja halifuti jingine, jambo ambalo pale dukani tulishindwa kabisa kulimeza.

Anayesema "ni mgonjwa, asiadhibiwe" anasahau walionunua tiketi. Anayesema "sheria ni sheria" naye anasahau kwamba dalili mojawapo ya ugonjwa huu ni uongo. Kijana anayejua kwamba kukiri kunamtoa kikosini atakiri kwa nani? Kwa daktari wa timu? Hoja hiyo ilikuwa mezani Oktoba 2025, NCAA ilipopitisha kuwaruhusu wanamichezo kubeti michezo ya kulipwa: waliounga mkono walisema tuwasaidie badala ya kuwawinda. Wiki zile zile FBI ikakamata watu wa NBA kwa tuhuma za kamari. Vyuo vikaogopa, na Novemba theluthi mbili ya vyuo vya daraja la juu vikaifuta ruhusa kabla haijaanza kutumika. Mimi niliona walichelewa kufikiri kisha wakaharakisha kuogopa.

Kuhusu unafiki wa vyuo vyenyewe sitasema mengi, ila hili moja linanikera mpaka leo. University of Colorado iliingia mkataba na kampuni ya beti mwaka 2020, na ndani yake chuo kilikuwa kikipata dola 30 kwa kila mtu aliyejiunga kwa namba yao ya promosheni. Mikataba ya aina hiyo ilivunjwa baada ya kelele, lakini sisi mashabiki hatujavunja wetu. Januari 2023 kocha wa kikapu wa chuo cha Dayton huko Ohio, Anthony Grant, alilalamika hadharani kwamba wachezaji wake wanatukanwa na watu walioliwa pesa. Jimbo la Ohio likapiga marufuku beti za mchezaji mmoja mmoja wa chuo kuanzia Machi 2024.

Yule kijana wa dukani aliliwa siku hiyo. Hakusema, lakini alimwomba mzee amkopeshe pesa ya kunyoa, na mzee akamnyoa bure. Wakati anafagia nywele, likaja tangazo la beti, mashabiki wanaruka na kukumbatiana, na chini kabisa kwa herufi ndogo kukapita namba ya simu: 1-800-BETS-OFF. Ni namba ya msaada ya jimbo la Iowa kwa walioshindwa kuacha kamari. Mzee akainama karibu na runinga kuisoma, akanigeukia.

"Hawa nao ni kampuni mpya? Bonasi yao ni ngapi?"